Mtoto mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo: je, vidonge vya seleniamu vinamsaidia?

Kwa ufupi

- Seleniamu ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Tezi ya shingo haiwezi kufanya kazi vizuri bila madini hayo.
- Kuna watoto ambao tezi yao inashambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe. Mpaka sasa hakuna utafiti ulioonyesha kuwa vidonge vya seleniamu vinawaponya watoto hao.
- Dawa ya mtoto ambaye tezi yake imeshindwa kutengeneza homoni ya kutosha ni levothairoksini. Seleniamu haichukui nafasi yake.
- Mtu aliyekosa madini joto akipewa seleniamu peke yake anaweza kudhurika. Jambo hili lilionekana Congo.
- Seleniamu ikizidi ni sumu, na kwa mtoto haichukui nyingi kuzidi.

Kwa nini tunazungumzia jambo hili?

Chukulia mama ana binti wa miaka tisa. Kwa mwaka mzima binti huyo hajaongezeka kimo. Sare ya shule aliyoshonewa akiwa darasa la pili bado inamtosha, wakati wenzake wameshabadilisha mara mbili. Anachoka haraka, anasikia baridi hata mchana, hapati choo vizuri, na mwalimu anasema siku hizi anasinzia darasani. Shingo yake imeanza kujaa kwa mbele.

Hospitali ya wilaya inampa rufaa. Huko anachukuliwa damu, na majibu yanaonyesha kwamba kinga ya mwili wake inashambulia tezi ya shingo. Anaandikiwa kidonge kimoja cha kumeza kila asubuhi, na mama anaambiwa arudi baada ya wiki kadhaa kwa kipimo kingine.

Wakirudi nyumbani, habari zinaenea. Jirani anamtumia mama ujumbe wa sauti kwenye simu: kuna vidonge vya seleniamu, vinatuliza kinga, vinaondoa ugonjwa kwenye mzizi wake, na mtoto hatahitaji tena kumeza dawa za hospitali maisha yake yote. Chupa moja bei yake inakaribia nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya rufaa.

Pesa iliyopo inatosha kimoja tu. Mama afanye nini?

Makala hii inaeleza kilichopo nyuma ya maneno hayo. Yamo yaliyo kweli, yamo yaliyopindishwa, na yapo ambayo yanaweza kumgharimu mtoto kimo chake na masomo yake.

Tezi hii ni ipi, na inafanya kazi gani?

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya koo la sauti. Umbo lake linafanana na kipepeo aliyetandaza mabawa. Ikiwa na afya huwezi kuiona, ila ikivimba ndipo tunasema mtu ana rovu, au goita.

Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kigeuzwe nguvu kwa haraka gani, mifupa irefuke, ubongo ukue. Kwa mtu mzima, homoni ikipungua atachoka na kunenepa. Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa yeye bado anajengwa. Miezi ya kukua ikipita bila homoni ya kutosha, si rahisi kuirudisha yote.

Tezi hii inahitaji madini mawili kwa namna ya pekee.

La kwanza ni madini joto, ambayo wengine huyaita ayodini. Hayo ndiyo malighafi yenyewe ya homoni. Ndiyo sababu Kenya ililazimisha chumvi ya kula iwekwe madini joto tangu miaka ya 1970, na Tanzania ikafanya hivyo miaka ya 1990.

La pili ni seleniamu. Iligunduliwa mwaka 1817 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, naye akaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi. Ukipima kwa gramu, tezi ya thairoidi ina seleniamu nyingi kuliko kiungo kingine chochote cha mwili. Inafanya kazi mbili humo:

- Tezi inapotengeneza homoni, yanabaki masalia makali yanayoweza kuichoma tezi yenyewe. Vimeng'enya vyenye seleniamu huyazima.
- Homoni inayotoka kwa wingi kwenye tezi inaitwa T4. Hiyo ni kama unga uliofungwa kwenye gunia. Mwili hauwezi kuutumia mpaka ugeuzwe kuwa T3. Vimeng'enya vinavyogeuza T4 kuwa T3 vimejengwa kwa seleniamu.

Kwa hiyo anayesema seleniamu ni muhimu kwa tezi anasema kweli. Shida inaanza pale neno "muhimu" linapogeuzwa kuwa "dawa". Chumvi ni muhimu kwenye mboga, lakini mboga iliyokwisha kuwa na chumvi haiwi tamu zaidi kwa kuongezwa nyingine.

Kinga inapougeukia mwili

Mfumo wa kinga ni kama walinzi wa kijiji. Kazi yao ni kuwatambua wageni wabaya, yaani vijidudu, na kuwafukuza. Wakati mwingine walinzi hao hukosea na kumshambulia mwenyeji. Wakiishambulia tezi ya thairoidi, hutokea mojawapo ya magonjwa mawili.

Ugonjwa wa Hashimoto. Umepewa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912 baada ya kuchunguza tezi za wanawake wanne. Kinga huila tezi polepole mpaka ishindwe kutengeneza homoni ya kutosha. Kwa watoto huonekana zaidi kwa wasichana, hasa wanapokaribia kubalehe. Watoto wenye kisukari cha kutegemea insulini na wale wenye hali ya Down huupata zaidi kuliko wengine.

Dalili ni kama tulizozitaja juu: kimo kusimama, uchovu, kusikia baridi, kukosa choo, ngozi kavu, shingo kuvimba, masomo kushuka, na kuchelewa kubalehe.

Ugonjwa wa Graves. Huu ni kinyume. Kinga huichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi. Mtoto anakonda ingawa anakula, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, hatulii, halali vizuri, na wakati mwingine macho hutokeza nje.

Kumbuka: si kila rovu ni ugonjwa wa kinga. Shingo inaweza kuvimba kwa sababu ya kukosa madini joto tu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo cha damu ndicho kinachosema.

Vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya

Ukielewa sehemu hii, utaweza kupima tangazo lolote la seleniamu utakaloletewa.

Kipimo cha kwanza ni TSH. Hii ni sauti ya ubongo ikiiamrisha tezi ifanye kazi. Homoni ikipungua, ubongo unapaza sauti na TSH inapanda. Homoni ikitosha, ubongo unatulia na TSH inashuka. Kipimo hiki, pamoja na T4, ndicho kinachoonyesha kama mtoto ana homoni ya kutosha kukua.

Kipimo cha pili ni kingamwili za tezi, ambazo karatasi ya majibu mara nyingi huziandika kama anti-TPO. Hizi ni alama kwamba kinga inaishambulia tezi. Zinamsaidia daktari kujua chanzo cha ugonjwa. Ila idadi yake hupanda na kushuka yenyewe, na haisemi mtoto anajisikiaje wala anakua kiasi gani.

Mtoto anaweza kuwa na kingamwili zilizopungua huku TSH yake ikiwa juu na kimo chake kimesimama. Mwingine anaweza kuwa na kingamwili nyingi huku akikua vizuri kwa kuwa anameza dawa yake.

Karibu kila tangazo la seleniamu hutaja kingamwili kupungua. Kwa hiyo unapoambiwa "vipimo vimeshuka", uliza: vipimo gani?

Utafiti umeonyesha nini?

*Kwa watu wazima*

Mwaka 2002 madaktari wa Ujerumani walichapisha utafiti wa wanawake 70 wenye ugonjwa wa Hashimoto. Wote walikuwa wakimeza homoni ya tezi. Nusu yao waliongezewa mikrogramu 200 za seleniamu kila siku kwa miezi mitatu, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Waliopata seleniamu, kingamwili zao zilishuka hadi asilimia 64 ya zilivyokuwa mwanzo. Wale wengine zilishuka hadi asilimia 88. Utafiti huu ndio uliozaa matangazo mengi tunayoyasikia leo.

Angalia mambo matatu. Walikuwa wanawake watu wazima, si watoto. Walikuwa wakiendelea na dawa yao ya kawaida. Na eneo walilotoka lina upungufu kiasi wa seleniamu.

Mwaka 2013 kundi la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, liliangalia tafiti nne zenye jumla ya watu 463. Hakuna hata mojawapo iliyopima kama wagonjwa waliishi maisha bora zaidi, au kama dozi ya homoni yao ilipungua. Hitimisho lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kukataa.

Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi mkubwa zaidi uliojumlisha tafiti 35. Huo ulionyesha kwamba seleniamu hupunguza kingamwili, na kwamba kwa wagonjwa ambao hawajaanza homoni, TSH nayo hushuka kiasi. Ni habari ya kutia moyo kwa watafiti. Lakini wengi wa waliochunguzwa walikuwa watu wazima, na kushuka kwa namba kwenye karatasi bado si sawa na kupona.

Kwa ugonjwa wa Graves, mwaka 2011 utafiti wa Ulaya ulionyesha kwamba seleniamu kwa miezi sita iliwasaidia watu wazima ambao macho yao yalikuwa yameathirika kidogo. Hilo ni jambo la macho, kwa watu wazima, chini ya daktari.

*Kwa watoto*

Hapa tafiti ni chache na ndogo. Mwaka 2010 madaktari wa Ujerumani, akiwemo mmoja wa wale walioongoza utafiti wa mwaka 2002, walichapisha matokeo ya watoto na vijana 49 wenye ugonjwa wa Hashimoto. Wengine walipewa homoni peke yake, wengine homoni pamoja na mikrogramu 100 za seleniamu, na wengine homoni pamoja na mikrogramu 200. Seleniamu haikushusha kingamwili za watoto hao. Yaani hata lile jambo moja lililoonekana kwa watu wazima halikuonekana kwao.

Mwaka 2012 madaktari wa Uturuki walichapisha jaribio dogo zaidi, la watoto 23, kwa dozi ndogo na kwa miezi mitatu. Hapo pia kingamwili hazikubadilika. Baadhi ya watoto tezi zao zilipungua ukubwa, lakini jaribio halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haliwezi kuthibitisha kwamba ni seleniamu iliyofanya hivyo.

Huo ndio msingi wa maneno unayoyasikia kwenye simu. Ukiuweka mezani, hauwezi kubeba ahadi ya kumwachisha mtoto dawa.

Somo kutoka Congo

Sisi wa ukanda huu tuna sababu yetu nyingine ya kuwa waangalifu, na inatoka kwa jirani.

Kwa miaka mingi maeneo kadhaa ya Congo yalikuwa na upungufu mkubwa wa madini joto. Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu ni mojawapo. Watafiti waliofanya kazi huko waliona rovu lilikuwa jingi zaidi kaskazini mwa kisiwa kuliko kusini-magharibi, ingawa madini joto yalikuwa machache pande zote mbili. Tofauti waliyoiona ilikuwa kwenye ulaji wa muhogo. Muhogo usioandaliwa vizuri huacha mwilini kemikali inayozuia tezi kuchukua madini joto.

Kaskazini mwa nchi hiyo, wakati huo ikiitwa Zaire, hali ilikuwa mbaya zaidi. Watu walikosa madini joto na seleniamu kwa pamoja, na wapo waliozaliwa na ulemavu mkubwa wa akili na kimo kwa sababu tezi zao hazikuweza kufanya kazi.

Madaktari wakajiuliza: tukiwapa seleniamu, itasaidia? Wakawapa watoto wa shule na watu wenye ulemavu huo kwa miezi miwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1991, yaliwashtua. Homoni ya T4 ilishuka badala ya kupanda. Kwa wale ambao tezi zao zilikuwa hoi tangu mwanzo, hali ilizidi kuwa mbaya.

Kwa nini? Kumbuka seleniamu ndiyo hufungua gunia la T4 ili litumike. Fikiria nyumba yenye debe moja la mahindi na kinu kibovu. Kinu kikitengenezwa kabla ya kuleta mahindi mengine, debe lile linaisha haraka zaidi. Seleniamu ilitengeneza kinu, lakini mahindi, yaani madini joto, hayakuwepo ya kutosha kuijaza ghala tena.

Watafiti wenyewe walitoa onyo: usigawe seleniamu ovyo mahali ambapo watu wamekosa madini joto. Kwanza madini joto, ndipo mengine.

Onyo hilo linamhusu hasa mtoto mwenye shingo iliyovimba ambaye hajapimwa. Ikiwa tatizo lake ni madini joto na wewe unampa seleniamu, unaweza kumrudisha nyuma.

Je, mtoto wangu anakosa seleniamu?

Seleniamu hutoka kwenye udongo, ikaingia kwenye mmea, kisha kwa mnyama na kwa mtu. Mahindi ya shamba moja yanaweza kuwa nayo mara kadhaa kuliko ya shamba jingine. Nchini Malawi watafiti wameonyesha kuwa mahindi ya kwenye udongo wenye tindikali yana seleniamu kidogo sana, na yale ya bonde la mto Shire, ambako udongo ni wa aina nyingine, yana zaidi. Finland, ambako udongo ulikuwa na upungufu, serikali iliamua miaka ya 1980 kuiweka seleniamu kwenye mbolea.

Upungufu mkubwa ni hatari kweli. Nchini China, katika wilaya ya Keshan na maeneo mengine, watoto na wanawake walikufa kwa ugonjwa wa misuli ya moyo unaohusishwa na kukosa seleniamu. Huko kugawa seleniamu kuliokoa maisha. Kwa hiyo hatusemi madini haya hayana faida. Humsaidia aliyeyakosa.

Kiasi kinachohitajika kwa siku, kwa mujibu wa viwango vinavyotumika Marekani, ni hiki:

- Miaka 1 hadi 3: mikrogramu 20
- Miaka 4 hadi 8: mikrogramu 30
- Miaka 9 hadi 13: mikrogramu 40
- Miaka 14 na zaidi: mikrogramu 55

Mikrogramu ni kitu kidogo mno. Gramu moja ya chumvi ni kama moja ya tano ya kijiko cha chai. Igawanye hiyo mara milioni moja, kila kipande ni mikrogramu moja.

Yai moja lina takriban mikrogramu 15. Samaki, wakiwemo wadogo wanaoliwa wazima, ni chanzo kizuri. Vivyo hivyo maini, figo, nyama na kuku. Mtoto anayekula ugali na maharage peke yake mwaka mzima, kutoka shamba lilelile, ndiye anayeweza kupungukiwa. Kwake yeye, yai mara chache kwa wiki na dagaa kwenye mboga vitamletea seleniamu pamoja na protini na chuma, bila hatari ya kuzidisha.

Ikizidi inakuwa sumu

Viwango hivyohivyo vya Marekani vinaweka mpaka wa juu usiopaswa kupitwa kila siku, ukijumlisha na chakula:

- Miaka 1 hadi 3: mikrogramu 90
- Miaka 4 hadi 8: mikrogramu 150
- Miaka 9 hadi 13: mikrogramu 280
- Miaka 14 na zaidi: mikrogramu 400

Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha zaidi mpaka wa mtu mzima, hadi mikrogramu 255.

Sasa soma chupa. Vidonge vingi vya seleniamu vimeandikwa mikrogramu 200. Kidonge kimoja tu kinampitisha mpaka mtoto wa miaka mitano, hata kabla hajala chochote. Kwa mtoto wa miaka miwili ni zaidi ya mara mbili ya mpaka.

Dalili za kuzidi ni hizi: pumzi kunuka kama kitunguu saumu, nywele kukatika na kutoka, kucha kuwa dhaifu na kung'oka, kichefuchefu, kuharisha, uchovu, na ganzi mikononi au miguuni. Katika eneo la Enshi nchini China, miaka ya 1960, watu walipoteza nywele na kucha kwa kula mazao ya udongo wenye seleniamu nyingi mno.

Chupa nayo inaweza kudanganya. Mwaka 2008 nchini Marekani, kirutubisho kimoja cha maji kilitengenezwa kimakosa kikiwa na seleniamu mara 200 ya iliyoandikwa kwenye lebo. Zaidi ya watu 200 waliugua. Ikiwa hilo lilitokea huko, fikiria chupa isiyo na lebo inayouzwa mnadani.

Kidonge kinachomkuza mtoto

Levothairoksini ni homoni ileile ya T4 iliyotengenezwa kiwandani. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Inarudisha kile ambacho tezi imeshindwa kutoa. Ili ifanye kazi, zingatia haya:

- Mpe asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Subiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au uji.
- Vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu vipishane nayo kwa saa nne. Vikikutana tumboni, homoni haiingii vizuri.
- Uji wa lishe wenye soya nao hupunguza nguvu ya dawa. Usimpe pamoja na dawa. Kama anaunywa kila siku, mweleze daktari.
- Mtoto mdogo asiyeweza kumeza: saga kidonge, koroga kwenye maji kidogo, mpe palepale. Usikiweke kwenye chupa nzima ya uji au maziwa.
- Ukisahau asubuhi, mpe unapokumbuka siku hiyohiyo. Kesho endelea kama kawaida, usimpe viwili.
- Hifadhi mahali pakavu, pasipo jua, mbali na jiko.
- Usiache dawa kwa sababu mtoto amechangamka. Amechangamka kwa sababu ya dawa.
- Rudi kwa kipimo. Dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Mtoto anapokua, dozi nayo hubadilika.

Si kila mtoto mwenye kingamwili anahitaji dawa. Kama TSH na T4 ziko sawa, daktari anaweza kusema tumfuatilie tu. Wapo pia watoto ambao tezi zao hurudi kufanya kazi baadaye. Lakini anayeamua hilo ni kipimo, na dawa huachwa kwa maelekezo ya daktari.

Kuhusu mtoto mwenye Graves, dawa zake ni tofauti kabisa. Usimpe levothairoksini ya mtoto mwingine.

Dhana potofu

*"Seleniamu inaondoa ugonjwa kwenye mzizi."* Hakuna utafiti wa watoto ulioonyesha hivyo.

*"Ni madini ya asili, hayana madhara."* Ya asili ni kweli. Waliopoteza kucha kule Enshi waliyapata shambani.

*"Mtoto wa fulani alitumia, vipimo vikashuka."* Kingamwili hushuka zenyewe wakati mwingine, na huenda mtoto huyo alikuwa anaendelea na dawa ya hospitali. Uliza TSH yake na kimo chake.

*"Mwenye ugonjwa wa tezi aache chumvi ya madini joto."* Hapana. Chumvi ya kawaida ya nyumbani yenye madini joto ni salama kwake na kwa familia nzima. Kinachokatazwa ni kuongeza matone au vidonge vya madini joto bila daktari, kwa kuwa kiasi kikubwa kinaweza kuisumbua tezi iliyokwisha kushambuliwa.

*"Nikianza homoni mtoto atakuwa mtumwa wa dawa."* Mwili wake unahitaji homoni hiyo kila siku, kama unavyohitaji chakula. Haimlevyi.

Ukishikwa na uamuzi

Turudi kwa yule mama mwenye pesa ya kimoja tu. Nauli ya hospitali na dawa ya homoni ndiyo inayomrudishia mtoto kimo na akili ya darasani. Chupa ya seleniamu inaweza kungoja, na pengine haitahitajika kabisa.

Kama umeshainunua na mtoto ameshaanza kumeza, usione haya. Simamisha, ichukue chupa pamoja na kadi ya kliniki, umwonyeshe tabibu. Mwambie ni vidonge vingapi na kwa muda gani. Kama homoni ilisimamishwa, sema wazi, ili apimwe na kuirudia.

Ukifika kliniki, uliza maswali haya. Unaweza kuyaandika kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani:

1. TSH ya mtoto wangu ni ngapi leo, na ya mara iliyopita ilikuwa ngapi?
2. Ameongezeka kimo kiasi gani tangu tulipoonana?
3. Dozi inabaki ileile au inabadilika?
4. Kuna sababu ya kumpa kirutubisho chochote? Kama ipo, kiasi gani na kwa muda gani?
5. Dawa ikiisha kabla ya siku ya kurudi, niende wapi?

Piga picha ya karatasi ya majibu kila mara. Nyumbani, msimamishe mtoto ukutani kila baada ya miezi mitatu, uweke alama ya mkaa juu ya kichwa chake na uandike tarehe.

Mpeleke hospitali bila kungoja siku ya kliniki kama shingo imevimba mpaka anapumua au kumeza kwa shida, kama anasinzia kupita kawaida na mwili ni wa baridi, au kama moyo unakwenda mbio huku anakonda.

Maneno yaliyotumika

*Tezi ya thairoidi:* tezi iliyo mbele ya shingo, inayotengeneza homoni za ukuaji na kasi ya mwili.

*Rovu au goita:* uvimbe wa tezi hiyo.

*Madini joto:* madini yanayowekwa kwenye chumvi, malighafi ya homoni ya tezi.

*Kingamwili:* silaha za kinga ya mwili. Katika magonjwa haya zimeelekezwa kwenye tezi.

*TSH:* amri ya ubongo kwa tezi. Ikiwa juu, kwa kawaida homoni ni chache.

*Levothairoksini:* kidonge cha homoni ya tezi.